Nyoka wa Mkurugenzi

Mume wangu anahesabu magamba ya nyoka. Sisemi kwa mafumbo. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wanawake wenzangu wana waume wanaoendesha malori, wanaojenga madaraja, au angalau wanaouza sabuni, na wakiulizwa mume anafanya nini wanajibu na kuendelea na safari yao. Mimi nikijibu, watu wanavuta kiti. Wananiuliza anayahesabu ili iweje, nami nikiwaambia ni ili ajue nyoka huyu ni yupi, wananitazama kwa huruma ambayo sikuiomba.

Kazini kwake ni jumba la makumbusho, chumba cha mwisho kabisa, ukishapita choo cha wafanyakazi na kabla hujagonga ukuta. Mna rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, zimejaa chupa za kioo, na katika kila chupa wamelala nyoka ndani ya spiriti, wameviringwa kama soksi. Wenzake wanamwita Magamba. Yeye anadhani ni kwa mapenzi.

Mimi ni fundi cherehani. Nakula kwa futi ya kupimia, mkasi na uzi, na vitu hivyo vitatu mume wangu amekuwa akiniibia tangu tuoane. Sijui ni mara ngapi nimeizungusha futi, iliyotoka kupima nyoka, kiunoni mwa mteja, naye akauliza harufu hiyo ni ya nini. Lakini balaa lenyewe ni uzi. Kila nyoka wa makumbusho hufungwa kikaratasi mwilini, kinachosema alikotoka na aliyemleta, na ofisi iliyoweza kununua mapazia ya dhahabu ya ukumbini haijapata kununua uzi. Tena wana desturi yao: akipatikana nyoka wa aina ambayo haijawahi kuelezwa, mmoja huteuliwa asimamie jina, na kila mtaalamu atakayebisha atarudishwa kwa huyo huyo amtazame. Mteule huyo hufungwa uzi mwekundu asije akachanganywa na wengine. Magamba hakuwa na nyoka wa uzi mwekundu hata mmoja. Alikuwa na hamu tu, kama mtu asiye na gari anayejifunza kupiga honi.

Siku za uchumba aliniahidi kwamba nyoka wake wa kwanza atabeba jina langu. Nilimwambia akithubutu, ndoa hakuna. Hakulirudia tena. Kwa mambo ya kukatazwa ni mtiifu sana.

Nyumbani tunaishi na mama yake. Mama mkwe wangu hajui kuhesabu magamba, ila nyoka anamjua: ni mimi. "Mwanangu kafuga nyoka," aliwaambia wageni siku ya harusi yetu, sahani ya keki mkononi, na tangu hapo hajafuta usemi. Nikichelewa sokoni, nyoka katambaa kaenda wapi. Nikinyamaza, nyoka anatunga sumu. Magamba akisikia hucheka. "Mama hana nia mbaya," huniambia. "Na kwetu sisi hilo si tusi." Sisi wenyewe ni yeye na chupa zake.

Basi, makumbusho yakaletewa Mkurugenzi mpya kutoka idara ya maegesho ya magari. Alikuwa mtu wa suti zinazong'aa, anayesimama mbele ya mlango mpaka mtu mwingine aufungue. Alizunguka jengo zima, na alipofika chumba cha mwisho akajiziba pua kwa kitambaa, akakipima chumba kwa macho jinsi mimi ninavyompima mteja mnene, akasema patafaa sana kwa mikutano. Mtu aliyetumia maisha yake kuhesabu magari yaliyosimama ameletwa kumhukumu mtu anayehesabu magamba ya wafu. Waliumbiwa mahali pamoja, sema tu hawakupendana.

Magamba alirudi alasiri hiyo akaketi kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Wanakitaka chumba," alisema.

"Na nyoka?"

"Nikikosa pa kuwaweka, itabidi niwalete hapa kwa muda."

Niliweka mkasi chini. "Baba Watoto, nisikilize. Chupa moja ikivuka kizingiti hiki, mimi natoka na cherehani yangu."

"Atoke," akaitika mama mkwe kutoka ndani.

Kwa hiyo sote tulikuwa tumesema letu, na yeye akabaki na kiatu chake mkononi. Chumba kile kikifungwa, nyoka wake walikuwa hawana pa kwenda ila kwangu, na kwangu walikuwa hawaji.

Wiki hiyo hiyo mchimba mitaro mmoja akaja na kopo la rangi lililofunikwa. Ndani yake alikuwamo nyoka aliyemfukua chini ya majani yaliyooza nyuma ya karakana fulani. Najua kwa sababu Magamba alikuja mbio kuchukua trei yangu ya keki. Nyoka wake hulazwa kwenye trei na kukunjwa vizuri wakati dawa inawakaza, wasije wakakakamaa wamenyooka na kukosa kuingia kwenye chupa. Trei ile sijaitumia tena. Nilimfuata hadi ofisini kuidai, na ndipo nilipomwona huyo mgeni. Nilidhani ni kamba ya kiatu. Rangi ya udongo mgongoni, tumbo manjano iliyopauka, hana madoa wala michirizi, hana chochote cha kumtofautisha na kitu kilichotupwa.

"Mtazame usoni," Magamba alisema, akinisukumia hadubini.

"Sina haja."

"Ndugu zake wote wana kigamba kidogo kati ya pua na jicho. Huyu hana."

"Labda kimedondoka."

"Magamba hayadondoki kama vifungo, Mama Watoto."

Akaanza kuhesabu. Safu zinazozunguka mwili katikati, magamba ya tumbo kutoka shingoni hadi mkiani, yaliyo chini ya mkia, yaliyo juu ya mdomo. Akishafika mwisho anarudi mwanzo, kwa sababu kosa la gamba moja linamchekesha mtaalamu mwingine aliye nchi ya mbali, katika chumba kingine cha mwisho kama kile. Aliwashusha ndugu wote wa nyoka yule kutoka rafuni, akawalaza mmoja mmoja kando yake. Huyu ana mkia mrefu mno. Huyu ana safu kumi na saba, mgeni ana kumi na tano. Huyu wanafanana kila kitu ila kile kigamba cha puani. Mchimba mitaro akaenda kufukua tena palepale, akaleta wengine wawili, nao walikuwa vilevile. Hapo Magamba akajua hajapata kilema, amepata aina. Akaketi kwenye kigoda chake akalia, mwanaume mzima mwenye mvi. Nilimwonea wivu, nasema ukweli. Sijawahi kushona vazi lililoniliza. Na wivu ule ukanizidishia dharau.

Jioni akiwa mezani alitueleza mambo ya majina, mimi na mama yake, ingawa hakuna aliyeuliza. Nyoka hupewa majina mawili: la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe. La ukoo lilikuwapo tayari, kwa sababu ndugu zake walishajulikana. La pili ndilo lilikuwa mkononi mwa Magamba alitoe. Mtu hajipi mwenyewe. Ni utovu wa adabu. Humpa mwingine anayemheshimu. Na jina likishachapishwa, basi, halifutiki.

"Hata kama uliyemheshimu akija kuwa mwizi?" nikamuuliza.

"Hata akiwa mwizi."

"Hata akilikataa mwenyewe?"

Akacheka mpaka akapaliwa na chai. "Nani atakataa?"

Hapo ndipo akatupasulia mpango wake. Nyoka ataitwa kwa jina la Mkurugenzi. Na katika maelezo itaandikwa, mbele ya wataalamu wa dunia nzima, kwamba amepewa heshima hiyo kwa mchango wake katika kukihifadhi chumba cha nyoka. Mtu aliyeandikwa kitabuni kwamba amekihifadhi chumba, atakifungaje?

Mama mkwe alisema mwanawe ana akili za baba yake. Mimi nilimkumbuka baba yake, nikaanza kukusanya vyombo.

"Baba Watoto," nilisema baadaye, tukiosha vyombo. "Unataka kumwita mkubwa wako nyoka."

"Simwiti yeye nyoka. Namwita nyoka yeye."

"Waeleze hivyo wafagizi."

"Wewe hujui mambo haya. Kuna maprofesa waliopewa chawa, wakatoa machozi ya furaha."

"Huyo si profesa. Huyo ni mtu wa maegesho."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaandika, akachora, akachora upya, akapeleka kwenye jarida lao, wakamrudishia maswali, akayajibu, na muda wote huo Mkurugenzi alikuwa akisubiri tu viti vya chumba chake cha mikutano vifike. Magamba akikutana naye ukumbini alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Tena alikuwa amezoea kujikomba. Kwa wakurugenzi watatu waliotangulia alijikomba bila faida yoyote, na safari hii aliona amepata namna ya kujikomba hasa.

Jarida lilipotoka akaomba ruhusa ya kusema machache kwenye chai ya asubuhi ya wafanyakazi. Nilialikwa kama mke. Nilimnyooshea suti, nikaenda, nikaketi karibu na mashine ya kunakili, mahali ambapo mtu anaweza kutoka haraka. Wote walikuwapo: wa tiketi, wa fedha, walinzi, wafagizi, kila mmoja na biskuti yake. Mkurugenzi alikaa mbele. Mezani palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa changu cha hariri nilichokuwa nakitafuta.

Magamba akakivuta kitambaa. Chupa ikaonekana, na ndani ya chupa spiriti ilikuwa ya pinki kama sharubati. Alikuwa ameniibia uzi mwekundu, na kwa kuwa hakuuliza, alichukua ule wa bei rahisi unaochuja rangi. Katikati ya hiyo pinki akaning'inia nyoka wake, na uzi huo shingoni.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema, "kuanzia sasa kuna kiumbe duniani kinachoitwa kwa jina lako."

Makofi machache yakapigwa na wasioelewa. Kisha akafungua jarida, akaanza kutafsiri maelezo, neno kwa neno, kwa sababu aliona aibu kuficha hata nukta.

"Mwili mwembamba. Kichwa hakitofautiani na shingo. Macho madogo, uoni hafifu. Huishi chini ya takataka na majani yaliyooza. Hula mayai ya mchwa na viumbe wengine wasioweza kujitetea. Hana sumu. Akikamatwa haumi, hujikunja na kutoa haja yenye harufu kali."

Mtu wa fedha akapatwa na kikohozi. Mfagizi mmoja akageuka akatazama ukuta, mabega yakimtikisika. Hakuna aliyecheka waziwazi, maana kila mmoja alikuwa na mkataba, na hao ndio watu ambao mume wangu aliamini wanampenda.

Mkurugenzi akaweka kikombe chini taratibu.

"Hili jina," aliuliza, "linaweza kubadilishwa?"

Uso wa Magamba ukang'aa. Alidhani mtu anataka uhakika. Akapiga hatua mbele, akaweka mkono kifuani.

"Kamwe, Mheshimiwa. Hata ukistaafu, hata ukifa, hata dunia ipinduke. Huyu atakuwa wewe milele."

Nilifunga macho. Nimeona watu wakijipalia makaa, lakini kwa furaha ile, sijaona mwingine.

Barua ya kukihama chumba ilikuja kabla vikombe havijaoshwa. Haikutaja nyoka, ilitaja mpangilio mpya wa nafasi. Wafanyakazi nao walikwishapata mchezo. Mkurugenzi akipita, mtu husikika akiuliza kwa sauti ndogo kama kuna majani yaliyooza karibu. Akipandisha sauti kikaoni, wanasema afadhali hana sumu. Mume wangu alikuja nyumbani akakaa palepale kizingitini.

"Sielewi," alisema. "Labda angependa kinyonga."

Nilimtazama mtu huyu niliyezaa naye. Anaweza kuona gamba lililokosekana puani mwa mdudu mwembamba kama kamba ya kiatu, na hawezi kuona uso wa mwanaume mzima aliyekaa mbele yake. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alikuwa ameshika tama, na kidoleni kilibaki kipande cha uzi wangu.

Katika kuhangaika huku na kule akaipata stoo nyuma ya maabara ya chuo cha ualimu. Mkuu wa chuo, mwanamke mkali wa miwani, alimwambia alete chupa zake, atakaa nazo mpaka yeye aone vinginevyo. Nilishona mifuko ya kuzivalisha chupa hizo kwa mabaki ya sare za shule, zisije zikagongana njiani. Msinielewe vibaya: chupa zikipasuka, harufu itamng'ang'ania yeye, naye atakuja kulala kwangu. Tulizifunga siku nzima, mimi na yeye, katika chumba ambacho fundi alikuwa tayari anapima mahali pa kutundika feni. Hakuna hata mmoja wa wenzake aliyekuja kubeba chupa. Mchimba mitaro ndiye aliyekuja, na mkokoteni wake.

Nyuma ya rafu ya chini ikapatikana chupa yenye vumbi, imewekwa na mtangulizi wake zamani, na kikaratasi kinachosema nyoka huyo ni wa aina ya kawaida tu. Magamba akaiinua kwenye mwanga. Nikaona midomo yake ikianza kuhesabu.

"Tufunge kazi," nikamwambia.

"Dakika moja."

"Baba Watoto."

"Dakika moja tu."

Alimhesabu kule stoo ya chuo kwa wiki kadhaa, kisha asubuhi moja ya Jumapili akaja mezani amevaa lile tabasamu la zawadi mgongoni. Mama yake alikuwa anakula mkate. Mimi nilikuwa nafumua pindo.

"Ni mpya," alisema. "Ni aina mpya kabisa, imekaa pale nyuma miaka yote. Na nimefikiria jina. Mkuu wa chuo ametusitiri sana. Bila yeye chupa zile zingekuwa barabarani. Nataka kumfanyia heshima."

Mikono yangu ikasimama. Nikaiona stoo ile imefungwa kufuli, nikaziona chupa zile zote katika mifuko niliyozishonea, zimepangwa kizingitini mwangu. Nikamwona na yeye, amekaa kando ya chupa hizo na kiatu mkononi, akiniuliza labda angependa kinyonga. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika, na katikati ya hasira nikagundua kwamba sitaki kumwona tena kwenye kizingiti kile. Zaidi ya harufu, zaidi ya trei ya keki, hilo ndilo sikuwa tayari kulivumilia mara ya pili.

"Mpe jina langu," nilisema.

Mama mkwe akaacha kutafuna.

"Wewe ulikataa," Magamba alisema. "Ulisema ndoa hakuna."

"Ndoa ilikuwa haijaanza. Sikiliza. Yule mama wa miwani akiitwa nyoka atakutoa siku hiyo hiyo, na hutakuwa na mahali. Mimi nimeitwa nyoka humu ndani tangu siku ya harusi, na bado nipo."

Mama mkwe alitazama mkate wake kana kwamba anahesabu magamba yake. Sikumtazama zaidi, nimemshonea nguo miaka yote hii, na ninajua anavyoonekana akibanwa.

Nilitegemea Magamba atanieleza kanuni nyingine ya majina. Badala yake akainuka, akaja mpaka kwenye cherehani, akasimama kando ya kisanduku changu cha nyuzi, mikono nyuma kama mtu aliyeingia dukani bila pesa.

"Naomba uzi mwekundu," alisema.

Tangu nimjue, hakuwahi kuomba. Nikafungua droo ya chini, ile ninayoifunga kwa ufunguo, nikamtolea ule usiochuja.